Mwaka wa Kutafuta Baridi

Wanaoandika kumbukumbu za maisha yao kwa kawaida wana mvi. Mimi nina chunusi, na mtihani wa kidato cha nne unanisubiri. Lakini tulipomaliza arobaini ya Bibi, khitma imesomwa na watu wanalamba vidole kwa pilau, nilikaa mlangoni mwa jikoni nikawasikiliza akina mama wakimzungumzia marehemu, nikaona wanamsifia mtu nisiyemjua. Walisema alikuwa na subira. Walisema ugonjwa aliupokea kimya kimya, hakuwahi kumsumbua mtu. Nilitamani niwaulize kama wamekosea nyumba. Bibi niliyeishi naye mimi aliwahi kumwambia daktari usoni kwamba ana mikono ya mchinja kuku. Na mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, nusura aiache tiba akae nyumbani afe, sababu yenyewe ni AC ya gari. Hilo halikusemwa na yeyote siku ya arobaini. Nalisema mimi, maana nilikuwemo kwenye hilo gari, kiti cha nyuma, nimechoka kama wenzangu.

Tuanze na gari lenyewe, Baba angependa tuanze nalo. Ni la dizeli, refu, mlango wa nyuma unafunguka kama kabati, na lilizaliwa kabla yangu na linaniangalia hivyo hivyo. Ukitia ufunguo lazima kwanza usubiri kitaa cha njano kizime pale kwenye dashibodi, ndipo uliwashe, nalo linatikisika kama mtu aliyeamshwa alfajiri bila ridhaa yake. Halafu halizimi. Baba alikuwa na hotuba yake kuhusu ile injini, akiitoa kwa wageni, kwa wateja wa dukani kwake, hata kwa kijana aliyekuja kusoma mita ya maji: kwamba haina kompyuta wala vidude vya kukutia wasiwasi, kwamba ukiipa oili safi kwa wakati na ukawa makini na maji kwenye dizeli itatuzika sote. Chujio la dizeli alilibadilisha mara nyingi kuliko viatu vyake. Na alikuwa na haki ya kujidai, kwa sababu mwaka mzima ninaousimulia ile injini haikutuangusha hata asubuhi moja. Kilichotuangusha ni baridi.

Figo za Bibi zilikuwa zimeacha kazi. Siku za kliniki tulimpeleka Upanga kusafishwa damu. Tulitoka nyumbani asubuhi, mimi nimevaa sare, wakaniacha shuleni njiani. Nikitoka shule nilitembea hadi kliniki nikawakuta wanamalizia, nikapanda nao kurudi. Ukitazama kwenye ramani, Upanga na kwetu Kariakoo ni majirani wanaoweza kuazimana chumvi. Kwa gari, saa nane mchana, ni safari ya kuandaliwa chakula. Kuna mikokoteni ya marobota, kuna bodaboda zinazokuja upande usio wao, kuna machinga aliyepanga masufuria yake mpaka kwenye mstari wa katikati ya barabara na anakukasirikia wewe. Mtu aliyetoka kutolewa damu yote mwilini na kurudishiwa, presha iko chini, hawezi kukaa kwenye tanuri hilo. Daktari alimwambia Baba ampumzishe mahali pa baridi. Mahali pa baridi tulipokuwa napo ni kile kiti cha mbele kushoto. Nyumbani kwetu, ghorofa ya pili Mtaa wa Mchikichi, kulikuwa na feni moja inayozunguka kwa mawazo, na dirisha linalotazamana na duka la magauni ya harusi, wanawake wa plastiki wanatukodolea macho bila vichwa.

Mtu atauliza kwa nini hatukuchukua teksi. Tulichukua, wakati gari liko gereji. Dereva alikuwa kijana mpole sana, alitoa shikamoo zake vizuri, lakini alipoombwa awashe AC alisema inakula mafuta, na alipobembelezwa alisema ni mbovu, na tulipofika Mnazi Mmoja akasema si mbovu ila ina harufu. Bibi aliposhuka alisema gari lile ni fupi, umekaa ndani yake magoti yanakugusa kidevu kama uko chooni, na kwamba hatapanda tena kitu cha namna hiyo labda awe amekufa, maana hapo hatakuwa na neno. Kwa hiyo lilikuwa ni gari letu au hakuna. Mlango wake mpana, kiti kiko juu, anageuka tu anakaa.

Sasa nieleze kuhusu udi, kwa sababu kwa watu wengine jambo hili litakuwa geni. Bibi alikuwa hapiki tena. Alikuwa hafui, hakai chini kusuka ukili, maji anapimiwa kwenye kikombe kidogo na Mama, chakula anapikiwa peke yake kisufuria kisicho na chumvi, na kila alasiri ananuna nacho. Achari tulizificha juu ya kabati la vyombo na bado alizipata, mpaka leo hatujui alipandaje. Kazi moja tu ilibaki mikononi mwake: kulifukiza gari. Asubuhi ya kliniki tulimshusha ngazi polepole, akakaa kwenye kiti cha plastiki pale kizingitini. Mama akamletea chetezo chenye makaa, yeye akafungua kikopo chake, akavunja udi kwa vidole vyake mwenyewe, akautia, akausubiri ushike. Kisha alisimama kwa kumshika Baba bega na kukiweka chetezo sakafuni mwa gari. Milango ikafungwa, injini inaunguruma, na AC imewashwa kwenye ile swichi inayozungusha hewa ya ndani kwa ndani, kwa amri yake, ili moshi uingie mpaka kwenye mifupa ya gari. Kutoka nje unaona vioo vyeupe tupu. Siku moja muuza maji akaja anakimbia na ndoo kutuokoa, ikabidi tumzuie kwa nguvu.

Alisema hospitali inamshika mtu harufu, na yeye hataki kurudi kwake ananuka spiriti kama bendeji. Alitaka akitoka kule aingie mahali panaponuka binadamu. Mimi nilifika shuleni nanuka kama mwali anayetolewa ndani. Wenzangu walikuwa wakinipigia vigelegele darasani mpaka mwalimu wa hesabu akauliza mahari ni kiasi gani. Sikuona haya. Nilikuwa nawauliza kama wao wamewahi kunukia chochote.

AC ilianza kuzingua baada ya Ramadhani. Haikufa, ingekufa tungejua. Ilipungua. Ulipoweka kiganja kwenye matundu ya dashibodi ulipata kapumzi fulani, baridi kweli lakini kembamba, kama mtu anakupulizia kwa bua. Baba akaenda kwa Fundi Mudi, mtaa wa Gerezani, bingwa wake wa AC tangu sijazaliwa. Mudi akasema gesi. Akatia gesi, tukashangilia, na wiki haikuisha tukarudi kwenye kapumzi. Akasema kompresa imechoka, ikatafutwa nyingine iliyotumika, ikafungwa. Akasema ile rejeta ndogo ya mbele imeziba vumbi la Kariakoo, akaipiga maji ya kasi. Akasema feni. Kila mara Baba aliondoka ameamini, na kila mara kwenye foleni hewa ilikuwa inatoka kidogo kuliko jana yake. Nilikuwa naenda naye gereji siku za Jumapili, kwa sababu alisema mafundi wananiogopa mdomo. Ukweli ni kwamba hakutaka kuwa peke yake. Mafundi walikuwa hawaniogopi, walikuwa wananinunulia soda.

Watu wazima wanadhani uchovu wao ni siri. Baba alirudi dukani, akauza vifungo na zipu mpaka jioni, akapanda ngazi akisema yuko sawa. Lakini mchana mmoja nilimkuta chini ya nyumba ameketi ndani ya gari lililozimwa, madirisha yamefungwa, jasho linamtiririka, viganja vyake viwili vimefunika matundu ya AC kama anayepima homa ya mtoto. Nikamgongea kioo nikamwuliza kama mgonjwa ataamka. Aliniangalia bila kucheka, akashusha kioo akaniambia niende nikale. Leo nikikumbuka uso ule najua kwamba swali langu lilikuwa limemkuta mahali pake hasa, na kwamba hakuwa anawaza gari.

Kisha ikaja ile siku ya Mnazi Mmoja. Tumetoka kliniki, jua linachoma utosini, foleni imekufa kabisa, mbele yetu mkokoteni umepasuka gurudumu na marobota yamelala njiani. Ukifungua madirisha unaingiziwa moshi wa malori, ukifunga unaiva. Bibi alikuwa anamtukana mwenye mkokoteni, halafu akaacha katikati ya tusi. Kichwa kikaenda kwenye kioo. Baba alivuta breki ya mkono, akaacha gari linanguruma katikati ya barabara, akazunguka upande wake. Watu walikuja, Dar watu huja, wengine na maboksi ya kumpepea, binti mmoja na chupa ya maji baridi. Tukayakataa maji. Bibi alikuwa amekwisha kunywa kipimo chake, na zaidi ya hapo yanaenda kujaa kifuani. Wale watu walitutazama kana kwamba tunamwua mbele yao, na sikuwa na jinsi ya kuwaeleza mambo ya figo barabarani. Nilishika ile chupa tu, nikamwekea shingoni. Alipofungua macho alimwuliza Baba kwa nini hajafunga mlango, nyoka wataingia. Nyoka, Mnazi Mmoja. Nikajua hayupo vizuri.

Siku mbili baadaye nilimsikia. Chumba chake na korido vinatenganishwa na pazia tu, na Bibi alikuwa anazungumza na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Alikuwa anaongea na shoga yake wa Ilala, Bi Mwanakhamisi. Walianza na bei ya nazi, wakapita kwenye ndoa ya mtu, wakaja kwenye ugonjwa.

"Kule wananisafisha, sikatai," alisema. "Kurudi ndiko kunakonimaliza. Safari nyingine ya joto kama ile, mimi siendi tena. Nitakaa kitandani kwangu nimsubiri aliyeniumba."

Bi Mwanakhamisi alisema kitu kirefu. Bibi akamjibu kwamba Saidi ni mtoto mwema, Saidi ndiye Baba, lakini amechoka na yeye ndiye anayemchosha, na kama gari limekataa basi labda limetumwa. Nilisimama pale nimeshika beseni la nguo. Daktari alishatueleza kwa lugha nyepesi kabisa: akikosa siku kadhaa za kliniki, hatakuwepo. Nilimwambia Mama, Mama akamwambia Baba, na Jumapili ile Baba alifika gereji kabla Mudi hajavua kanzu yake ya kutokea nyumbani. Alimwambia asitie gesi tena. Alifungue gari lote mpaka aone baridi inapotokea.

Mudi akaitoa dashibodi. Gari likabaki kama mzee aliyevuliwa meno, nyaya zinaning'inia kila upande. Nyuma kabisa, ndani ya kisanduku cha plastiki, kuna rejeta nyingine ndogo, ndiyo hewa inapita katikati ya vibati vyake vyembamba na kutoka na ubaridi. Magari ya sasa yana chujio mbele yake, la kwetu la zamani halina. Alipokivuta kile kisanduku nje na kukifungua, gereji nzima iligeuka. Sisemi kwa kutia chumvi. Wapiga rangi waligeuka, mtu aliyelala chini ya lori akatoa kichwa. Harufu iliyotoka mle ilikuwa ya chumba cha bibi harusi, katikati ya oili chafu na matairi. Na kile kirejeta hakikuwa na vibati vya kuonekana. Kilikuwa kimevikwa utomvu mweusi unaonata, na juu yake vumbi lote la mtaa wetu limeganda, kitu kizima kama halua iliyosahauliwa kabatini.

Mudi akakinusa, akamtazama Baba, akauliza mle ndani wameozesha mabibi harusi wangapi. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa amekwisha elewa, na mimi niliona anavyoelewa, mabega yake yalishuka kidogo kidogo kama tairi. Moshi wote ule, asubuhi zote zile, tumeuzungusha wenyewe ndani kwa ndani ili uingie mpaka kwenye mifupa. Uliingia.

Kilioshwa kwa maji ya moto na sabuni na brashi laini, mchana kutwa. Mudi alituonyesha vibati vilivyokuwa vinakatika vikiguswa kama majani makavu. Alisema kifaa cha namna ile hakipatikani tena kwa gari la umri ule. Kikikaa bila moshi kitatufikisha mbali. Kikiziba tena, hatathubutu kukigusa, kitammomonyokea mkononi. Tulirudi nyumbani tunatetemeka kwa baridi. Matundu yote manne yanapuliza, nywele zangu zinapepea ndani ya hijabu, na hakuna aliyefurahi.

Baba akasema nisimwambie Bibi. Nikamwuliza yeye atamwambia nini. Akasema atajua. Hakujua. Alikuwa na asubuhi mbili za kliniki za kufikiria, zote akaukwepa udi kwa uongo mdogo, mara makaa yamelowa, mara tumechelewa. Ya tatu ilikuwa Jumamosi na mimi nilikuwepo. Bibi alikuwa ameketi kizingitini kwenye kiti chake cha plastiki, buibui limenyooka, chetezo kiko miguuni, udi umeshika vizuri. Akasimama, akamtafuta Baba bega. Baba alikuwa amesimama mbele ya mlango wa gari, ameuziba kwa mwili wake, mdomo wazi. Mtu wa miaka hamsini na kitu, na hana neno moja la kumwambia mama yake.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Yeye huniita mke mwenzake, kwamba tunamgombea marehemu Babu, na mimi nina ruhusa ya kumwambia chochote ilimradi nikiseme kwa mdomo wa utani. Mtoto wake hana ruhusa hiyo. Nikaona hakuna mwingine.

"Mke mwenzangu," nikasema, "kile chetezo kiache. Gari limevuta moshi wako mpaka limebanwa kifua. Juzi Mudi kalipasua, kalikuta limejaa udi. Lile joto lilikuwa ni kikohozi."

Nilitegemea anipige na kandambili, ndiyo ilikuwa zamu yake. Alimtazama Baba, na Baba akatazama chini.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Baba alianza kusema kwamba siyo hivyo, kwamba gari lenyewe ni la zamani. Bibi akamkatiza, akasema apandishwe juu. Kliniki hataki leo. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Tulimpandisha ngazi zile zote, akaketi kitandani akiwa bado amevaa buibui lake, mikono imelala mapajani viganja juu, kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa amshikie. Mama alileta chai, ikapoa.

Baba aliteremka. Nikadhani ameondoka, nikaenda dirishani. Alikuwa amepiga magoti ndani ya gari, miguu yake inatokeza mlangoni, anang'ang'ana na kitu. Jirani wa duka la magauni alimwuliza kama analiuza. Baba alitoka na vitambaa vya viti, vyote, vya mbele na vya nyuma, amevibeba kifuani mpaka uso hauonekani, akapanda navyo ngazi anahema, akaingia chumbani kwa Bibi bila kubisha akavimwaga miguuni pake.

"Mama, gari halitaki moshi," alisema. "Hivi sijasikia vikikataa."

Bibi akainama, akachukua ncha ya kimoja, akakinusa, akakunja uso.

"Hukuvikung'uta," akasema.

Baba akavichukua tena vyote, akaenda barazani akavikung'uta kimoja kimoja juu ya Mtaa wa Mchikichi, watu wa chini wanapiga kelele za vumbi. Mama akachochea makaa upya. Mimi nikaleta kitenga cha kufukizia nguo, kile cha kutandazia khanga za wanaharusi, Bibi akateremka kitandani akakaa chini mkekani, mahali ambapo hakuwa amekaa kwa miezi, akavitandaza vitambaa vya gari juu ya moshi akivigeuza upande huu na ule kwa vidole vyake. Akatuagiza huku na kule, udi haba, makaa mengi, mwingine apepee. Alipomaliza, sisi watatu tukateremka kuvivalisha viti. Si kazi ndogo. Kuna vikulabu, kuna kamba za chini, kuna mahali ambapo mkono wa mtu mnene haupiti, na Baba alikwaruzika vidole akasema maneno ambayo sikujua anayajua. Tangu siku hiyo ndiyo ikawa desturi, kila asubuhi ya kliniki: kuvivua, kuvipandisha, kuvikung'uta, kuvifukiza, kuvishusha, kuvivalisha. Baba aliamka mapema zaidi, akachoka zaidi, na hotuba ya injini aliiacha kwa kukosa pumzi.

Jumamosi hiyo tulifika Upanga tumechelewa sana. Muuguzi wa mapokezi, mama mmoja asiyecheka, aliuliza sababu. Baba, shati limelowa, vidole vinatoka damu, akamwambia tulikuwa tunalivisha gari nguo. Muuguzi hakuinua hata macho, akaandika sababu: foleni. Ndani mashine ilikuwa imeshawekwa tayari. Kwa kawaida Bibi alibembelezwa, wauguzi wawili wakimzungumzisha huku mmoja anautafuta mkono wake ndani ya buibui. Siku ile aliketi, akapandisha mkono wa buibui mwenyewe mpaka begani, akaunyoosha juu ya mto, na akawauliza wanangoja nini.